Baba Mkwe kwa Herufi Nane

Mteja akija dukani kwangu na flashi iliyojaa mafaili yanayoitwa "barua", "barua mpya" na "barua mpya kabisa", kwanza namgombeza, kazi yake baadaye. Nina steshenari ndogo Kayanga, ya kuchapa, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, na watu wamenizoea. Wananiita mwalimu, nyuma ya mgongo najua wananiita mengine. Namkalisha mtu mzima na ndevu zake, namwonyesha. Anza na tarehe, halafu jina la mwenye barua, halafu neno moja la habari yenyewe. Usitumie neno ambalo watu wawili wanaweza kuitwa. Tunza nakala mbili, na ya wiki hii usiiweke juu ya ya wiki iliyopita. Na kompyuta ikikuuliza kitu, soma kabla hujajibu.

Wanacheka. Siku hizi kompyuta zina adabu. Ukiingiza faili lenye jina ambalo tayari lipo, mara nyingi zinaliongezea namba moja kwenye mabano na yote mawili yanabaki salama. Mimi kila nikiiona hiyo namba moja, moyo unanipasuka. Ingekuwepo wakati ule, nisingekuwa na mzee anayenisemesha kila ninapokaa kuchapa. Anasema sentensi, anangoja nimalize, anaendelea. Nashika neno moja, mengine yote yananipita, na nikigeuka hakuna mtu.

Mzee huyo ni baba mkwe wangu. Yeye na mama mkwe wote wameshatangulia, kwa hiyo sasa naweza kuandika.

Nilikuja Nyabiyonza kama mke wa mwalimu. Kwetu ni Muleba, nimesomea uhazili, na kwenye taipu nilikuwa moto. Usharika wa pale ulikuwa umepewa kompyuta na wageni wa ng'ambo, chombo ambacho hata huko kilikotoka kilikuwa kimeshastaafishwa, na mchungaji akaniweka ofisini nikihudumie. Kioo cheusi, maandishi rangi ya papai bivu, hakuna kipanya wala picha. Jenereta liliwashwa asubuhi kwa saa tatu. Zikiisha kila kitu kinazima, nami narudi nyumbani kupalilia.

Mashine ile ilikuwa na sharti moja: jina la faili lisizidi herufi nane. Ukiandika kumi haikugombezi. Inachukua nane za kwanza, zilizobaki inazitupa kimya kimya. Fundi aliyekuja siku mbili kutuelekeza alilisema hilo, nami nikaliandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Tena ilikuwa na swali. Kila ukihifadhi kazi upya, ilikuuliza kwa Kiingereza kama lile la zamani lifutwe na hili likae mahali pake. Unabonyeza Y. Ukichapa barua moja kwa siku tatu, umebonyeza Y mara kumi. Ikawa kama kuitikia marahaba njiani: hata hujamtazama aliyekuamkia, mdomo umeshajibu.

Sasa kuna jambo la kwetu lazima nilieleze. Mama yangu alinilea kwa mila za zamani: mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe wake. Halitamki, haliandiki, na kama jina lenyewe linafanana na neno la kawaida, analitafutia neno hilo jingine. Wenzangu wengi walikuwa wameshaacha. Mimi nilishika, na nikisema ukweli nilishika kwa kujionyesha, ili wakwe zangu waone wamepata mke aliyefundwa. Ilipobidi kuchapa orodha ya wazee wa kanisa, nilifika kwenye mstari wake nikainuka. Mchungaji akaja akalichapa jina lile kwa kidole kimoja, akinicheka, na mimi nimegeukia ukuta.

Mzee alipata habari hiyo. Nadhani ndiyo iliyomleta kwangu.

Alikuja ofisini asubuhi, kofia mkononi, akakaa kwenye benchi la dirishani. Nikapiga magoti nikamwamkia kikwetu, ambako baba ni Tata na mama ni Mawe.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Hiyo mashine inatunza siri?"

"Inatunza, Tata, mpaka mtu aifungue."

"Nani anajua kuifungua?"

"Mimi na mchungaji. Na mchungaji hajui vizuri."

"Basi kaa uniandikie."

Habari yenyewe nilikuwa nimeisikia vipande vipande jikoni kwa mama mkwe. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alizaliwa Igurwa, walikoishi kabla ya kuhamia Nyabiyonza. Aliishi siku chache akafa. Mama alikuwa bado ndani ya uzazi, hakuruhusiwa kutoka. Mzee na baba yake wakambeba mtoto, wakaenda kumzika mahali fulani kwenye kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, wakarudi wamenawa mikono. Hawakuweka alama. Walimwambia mama asiulize, kwamba akiulizauliza atachelewa kupata mwingine. Akapata wengine sita, na hakuacha kuuliza. Nilimsikia mwenyewe, mimi bibi harusi wa mwezi mmoja, akimuuliza mzee huku anamwekea chakula, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imekolea. Mzee akanawa mikono akaanza kula.

"Nataka kumjibu," aliniambia siku ile pale dirishani. "Lakini asomewe nikishakwenda. Nikimwambia uso kwa uso ataniuliza kwa nini nilinyamaza miaka yote hii, na hilo sina la kumjibu."

Akaweka na sharti: yasitolewe kwenye karatasi akiwa hai. Karatasi huokotwa na kila mtu, alisema. Yakae humo ndani.

Alikuja asubuhi nne. Mimi nilitazama kioo, yeye alitazama mibuni ya nje, na hivyo hakuna aliyemwona mwenzake usoni, kama inavyotakiwa kati ya mkwe na mkwe. Alieleza siku ile yote, mvua ilivyokuwa, baba yake alisema nini, wapi walipita, mahali penyewe palivyo, hatua ngapi kutoka wapi. Faili sikuliita kwa jina lake, singeweza. Niliandika babamkwe. Nikahesabu: herufi nane kamili. Nilifurahi lilivyoenea.

Watu wasiochapa hawaamini nikisema sikusikia alichokuwa anakisema. Mchapaji aliyefundishwa vizuri hasikilizi. Maneno yanaingia sikioni yanatokea vidoleni, kichwani hayapiti. Walitusifu kwa hilo chuoni. Katika asubuhi zile nne ninachokumbuka ni maneno niliyokosea tu, kwa sababu hayo nilirudi kuyasahihisha: mvua, hatua, mashariki, na mlamula, ule mti mwembamba tunaouweka kwenye mipaka. Hesabu ya hatua niliichapa bila kosa, ikapita.

Wiki ile ile akaja mdogo wake mzee, mtu wa utani na kicheko kikubwa. Alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa, akataka nimchapie hotuba. Tulicheka asubuhi nzima. Na yeye pia, kwetu, ni baba mkwe wangu. Jina lake pia silitaji. Nilipomaliza nikaandika jina la faili: babamkwemdogo. Mashine ikachukua nane za kwanza, ikauliza swali lake la siku zote. Nikabonyeza Y huku namwitikia utani wake.

Ijumaa nikafanya kama fundi alivyotuagiza, nikanakili kila kitu kwenye disketi. Tulikuwa na disketi moja. Ya wiki hii niliiweka juu ya ya wiki iliyopita, nikaifungia kabatini nikijiona mwangalifu.

Jumatatu mzee akarudi. Alikuwa na sentensi moja ya kuongeza. Nikafungua babamkwe, na kwenye kioo pakatokea: "Waheshimiwa wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa."

Nikayatelemsha maandishi mpaka chini. Utani wa shemeji. Shukrani kwa kamati ya maandalizi. Mwisho. Nikafungua disketi: waheshimiwa wageni waalikwa. Mzee alikuwa nyuma yangu kwenye benchi, anatazama mibuni, hana habari.

"Uko tayari?" akaniuliza.

"Niko tayari, Tata."

"Andika hivi mwishoni. Mama watoto, unisamehe kwa kukunyamazia."

Nikaandika. Chini ya kamati ya maandalizi nikaandika maneno yale, nikahifadhi, mashine ikauliza, nikajibu. Mzee akaguna, akavaa kofia, akatoka. Nilimwona dirishani akishuka njiani, anatembea mwepesi, mtu aliyetua mzigo.

Ningemwita pale pale. Alikuwa hajafika hata kwenye mti wa kengele ya kanisa. Ningesema, Tata, nimekosa, mashine imeyameza, rudi uniambie upya. Angenigombeza, pengine angekaa mwezi bila kunisemesha, halafu angeniambia upya. Nimelifikiria jambo hilo kuliko jambo lolote maishani mwangu. Kilichonizuia ni aibu ya kijinga tu, ya mwali aliyefundwa ambaye kila mtu anamsifu.

Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa ya kupalilia, kesho kutwa akaja mgeni, halafu mvua za vuli zikaanza na mzee akashikwa na kifua. Nilimpelekea uji asubuhi kwa asubuhi. Siku moja tulibaki wawili tu, mama mkwe amekwenda kuchota maji. Akafungua macho.

"Yale maneno yapo?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Mlango ulikuwa wazi, nje kuku wanaparua, na sikuwa na kisingizio chochote.

"Yapo, Tata," nikasema.

Akafunga macho akalala vizuri, na siku nne baadaye akafa. Tulimzika kibanjani kwake, mbele ya umati. Mdogo wake akatoa hotuba nzuri.

Matanga yalipoisha, wageni wa Ihembe na wa Kyerwa wakarudi makwao, na mume wangu akarudi shuleni kwake. Mama mkwe akaniita jikoni.

"Aliniambia utanisomea," akasema.

Sikujua kama mzee alikuwa amemwambia. Nikajibu kwamba karatasi bado iko ofisini.

Asubuhi iliyofuata jenereta lilipowaka nikakaa mbele ya kioo nikatunga. Nilijua anavyosema, sentensi fupi, ananyamaza, fupi nyingine. Nikamwiga. Niliweka mvua, kwa sababu mvua nilikuwa na uhakika nayo. Niliweka mlamula, nikaweka mashariki, nikaweka hatua kumi na mbili kwa kuwa kumi na mbili ilinijia. Mwishoni nikaweka ile sentensi yake, jinsi alivyoisema. Nikachapa kwenye karatasi. Faili lile niliita kwa namba tu, nikalifuta siku ile ile, na wakati wa kulifuta nilisoma swali neno kwa neno kabla sijajibu.

Nikamsomea. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi, na hakuacha kumenya. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Hakusema alimfunga mtoto kwa nguo gani?"

Nilitazama karatasi kana kwamba natafuta mstari.

"Kwa shuka jeupe, Mawe."

"Haya," akasema, akachukua ndizi nyingine.

Kwa miezi miwili hakusema zaidi. Mimi nilikuwa sili. Ofisini nilikuwa nasikia benchi la dirishani likilia kama mtu amelikalia, na mara mbili nilisimama nikapiga magoti kabla sijakumbuka. Nilianza daftari la mafaili yote, kila moja na jina lake kamili, tarehe, mwenyewe ni nani, na herufi nane zinazomwakilisha. Nikanunua disketi ya pili, na ya tatu. Mchungaji akasema hajawahi kuwa na mfanyakazi makini kama mimi, na sifa ile ilinichoma kuliko matusi.

Halafu mvua zikakatika, mama mkwe akasema anataka kwenda Igurwa, na kwamba tutakwenda mimi na yeye.

Kibanja cha zamani kilikuwa kimepita mikononi mwa watu wengine. Mama mwenye mji alitupokea vizuri, akatupa kahawa ya kutafuna, na alipoelezwa tulichofuata akasema tupite tu, tutafute kwa nafasi yetu. Tukaingia kwenye migomba. Nilikuwa na karatasi yangu mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mlamula mmoja. Palikuwa na mstari mzima, kuanzia nyuma ya nyumba hadi rweya, ule uwanda wa nyasi, inapoanzia, mingine minene kama paja, mingine ya juzi.

Nilichagua mmoja mzee. Nikageukia mashariki nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Ya kumi na mbili ilinifikisha kwenye lundo la majani makavu ya migomba, kati ya mibuni miwili. Nikasimama. Mama mkwe alikuwa amenifuata polepole na fimbo yake.

"Ni hapa, Mawe."

Alipatazama. Akaisukuma ile takataka kwa fimbo, akaona udongo, akaiacha.

"Mimi ndiye niliyemfunga," akasema. "Kwa khanga yangu, nyekundu. Nilimpa baba yake mlangoni akiwa amefungwa. Kitu pekee ninachokijua cha siku ile ni hicho, ndicho nilichokuuliza."

Nikakaa chini. Nikamwambia yote pale pale. Nilimwambia habari ya mashine na herufi nane, hotuba ya kumuaga binti, swali na jibu langu, na kwamba nilimdanganya mzee kitandani. Aliyoyaelewa ya mashine sijui. Nililia, na alinisubiri nimalize kulia.

"Yeye alikufa akijua yapo?"

"Ndiyo, Mawe."

"Na hiyo karatasi, haina neno lake hata moja?"

"Moja. La mwisho."

"La kuniomba msamaha."

"Ndiyo."

"Hilo nililitambua," akasema. "Mengine niliona ni yako."

Nilisema ningeweza kumuuliza mdogo wake mzee, ningeuliza majirani wa zamani, tungechimba kidogo kidogo kando ya kila mlamula. Nilikuwa naropoka. Alinyanyua mkono nikanyamaza. Alitazama ule mstari wa milamula, juu hadi nyumbani, chini hadi rweya, akatazama na mibuni, na nikaona anapima kwa macho ukubwa wa shamba lile na miguu yake ilivyo.

"Tuseme ni hapa," akasema.

Akaniambia nimpe mkono, akashuka taratibu mpaka akakaa kwenye majani, akanyoosha miguu. Akafungua kitambaa cha kichwa akakiweka mapajani. Nikabaki nimesimama pembeni yake, sijui niweke wapi ile karatasi.

"Sasa wewe nenda kakae na mwenye mji," akasema. "Nataka kuzungumza na mwanangu."